Betri Iliyobaki Mfukoni Mwangu

Zahra, ambaye sasa ndiye mwenye yadi, ameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu kumi na tano ya kukabidhi magari, ili ninyi vijana wawili mnaopokea funguo zangu msianze gizani. Nimemwambia sawa, ila habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hazimo. Mkizitaka hizo muulizeni mhasibu, naye hatawaambia.

Nilianza mwezi wa nne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, barafu chafu bado imerundikana kwenye kona za yadi. Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli katikati ya Toronto, na magoti yalikwisha kuanza kulalamika. Mwenye yadi wakati huo alikuwa Bwana Firoz, baba yake Zahra, mzaliwa wa Moshi, Mhindi wetu anayeongea Kiswahili cha dukani kilichonyooka kuliko changu. Aliisoma fomu yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanaidi wa wapi wewe?" Nikamwambia wa Muheza. Akafikiri kidogo, akasema, "Machungwa." Huo ndio uliokuwa usaili wote. Kesho yake nilikuwa kazini.

Sikuwahi kuona gari-nyumba kwa karibu. Kwa nje niliona basi lililonenepa. Ndani, jamani, kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu, na meza inayokunjwa ikawa kitanda kingine. Nilidhani Bwana Firoz ananitania aliponiambia watu wazima wenye nyumba zao wanakodi kitu hiki ili wakalale barabarani. Akanipa ufunguo, akaniambia nikae humo kutwa nzima bila kutoka: nipike chai, nioge, nitumie choo, halafu jioni nimwage tangi la maji machafu mwenyewe. Atakayefundisha wenzake, alisema, lazima kwanza yamkute.

Basi yakanikuta. Nilifungua koki ya tangi kabla sijaunganisha mpira. Yaliyotokea sitayaeleza kwa urefu, viatu nilivitupa. Bwana Firoz alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, uso mkavu kabisa. Akanipa ndoo na sabuni, akaingia ndani, akafunga mlango, ndipo nikamsikia anacheka kupitia ukutani. Sijawahi kusahau kuunganisha mpira tangu siku hiyo, na hakuna mteja wangu hata mmoja aliyesahau, kwa sababu nilikuwa nawasimulia viatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufundisha, na namshukuru. Aliniambia mteja amechoka, watoto wanamvuta suruali, barabara inamsubiri, kwa hiyo atasikia mambo matatu tu. Chagua yale yanayoweza kumuua na yale yatakayomnyima usingizi, mengine yamo kitabuni. Vifaa alivyonikabidhi vilikuwa vichache: tochi, glavu, bisibisi fupi, chupa ya maji ya sabuni ya kupimia viungo vya gesi (pakitoka povu, pana uvujaji), na pima maji ndogo ya seremala ya kuweka sakafuni, maana friji za magari yale ya zamani hazipozi gari likiegemea upande. Pima maji hiyo bado iko kwenye droo ya pili. Msiitumie kufungulia chupa za soda kama alivyofanya fulani.

Sasa, kulala kwenye kituo cha malori. Wateja wetu wengi siku ya kwanza hawafiki mbali. Wanachelewa kutoka, wanakwama kwenye foleni ya barabara kuu ya 401, giza linawakuta, na sehemu za kambi zimeshafungwa. Wanalala kwenye vituo vya mafuta vya malori, na huko kuna adabu zake ambazo hazikuandikwa popote. Uombe ruhusa dukani kabla ya kuegesha. Uegeshe pale unapoonyeshwa, si kwenye nafasi ndefu za matrela, maana dereva wa lori aliyemaliza saa zake za kuendesha kisheria hana pa kwenda tena, na wewe umemkalia kitanda. Usitoe viti nje, usikunjue turubai la kivuli, usichome nyama. Pale ni mahali pa kulala, si mahali pa pikiniki. Zima jenereta. Asubuhi nunua mafuta, au angalau mayai na chai, useme ahsante, uondoke.

Adabu moja niliiongeza mwenyewe. Mteja mmoja aligongewa mlango usiku, akafungua, akauziwa saa ya bandia akiwa na pajama, na hakujua amekubali vipi. Tangu hapo nikawa nawaambia wote: mkishafunga pazia, mtu yeyote akigonga msifungue. Hata akisema yeye ni msimamizi wa kituo, nyamazeni, kaeni kimya, kisha pigeni simu dukani mhakikishe. Nilikuwa nalisema hilo kwa ukali, kidole kimenyooka, na watu walilishika. Kumbukeni hapo.

Na desturi yangu nyingine ilikuwa kupiga simu kituoni mapema, kabla mteja hajaondoka yadi, kuuliza kama usiku huo wana nafasi. Ndivyo nilivyofahamiana na Doreen. Alikuwa muuzaji wa zamu ya jioni kwenye kituo kimoja mashariki, kabla ya kufika Kingston, mwanamke mwenye sauti nzito ya mvuta sigara. Sikuwahi kumwona. Lakini kwa simu za dakika mbili mbili kwa miaka, nilijua habari za goti lake na mkwe wake, naye alijua za magoti yangu na mjukuu wangu. Bwana Firoz alidhani napoteza muda. Nikamwambia mtu unayemtuma mgeni kwake humsalimii?

Kesi za kuchekesha zilikuwa nyingi. Haji mmoja wa mtaa wa Thorncliffe Park aliegesha gizani, akaamka asubuhi akakuta jirani yake ni trela la nguruwe hai. Alinipigia simu kuuliza kama swala yake ya alfajiri imekubaliwa. Nikamwambia haji, mimi nakabidhi magari.

Ile ninayotaka muisikie haichekeshi. Ilikuwa mwaka wangu wa sita, mwezi wa kumi, baridi imeshaanza kuuma. Kijana mmoja, Salim, fundi umeme, alikodi gari kuipeleka familia yake harusini Montreal: yeye, mkewe Rukia, watoto wao wawili, na mama yake, Bi Zuhura, wa Pangani. Gari-nyumba lilikodiwa kwa ajili ya mama. Hoteli alikuwa hazitaki, alisema halali kwenye shuka asizozijua. Salim akaniambia pembeni kwamba watakatisha safari kituoni kwa Doreen wapumzike, waendelee asubuhi.

Salim alikuwa ofisini anajaza fomu, Rukia amewapeleka watoto chooni. Nikabaki na Bi Zuhura. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akalizunguka gari lote mara moja na mkoba wake wa ukili, akasimama mlangoni, akagoma kuingia. Akaniuliza ni watu gani wamelala humu. Nikamwambia ni wengi, mama, ni gari la kukodi. Akasema basi na walichoota kimo humu humu. Nyumba haiingiwi hivi hivi. Akatoa mkobani chetezo cha udongo, makaa yale ya duara yanayouzwa dukani, na ubani wake uliofungwa kwenye kitambaa.

Ninyi mngesema hapana. Sheria iko wazi, na niliijua: moto wa makaa hauingii ndani ya gari. Lakini mama yangu Muheza alifukiza kila nyumba aliyohamia, kila kitanda cha mzazi, kila nguo ya Idi. Nilipousikia ule ubani nilikuwa mtoto tena. Kumwambia mtu mzima wa umri ule asifukize, ulimi wangu uligoma kabisa. Nikamwambia haraka basi, mama, mara moja tu.

Akawasha, akazungusha chetezo ndani, na king'ora cha darini kikapiga kelele. Ni kile kile mnachokijua, kinashika moshi na kinashika hewa ya sumu ya moto, ile isiyo na harufu. Bi Zuhura akaziba masikio, akaniuliza kinalia nini. Nikamwambia kinaogopa moshi. Akasema, "Kinyamazishe, mwanangu." Nikapanda kwenye kiti, nikafungua kifuniko, nikachomoa betri, nikaitia mfuko wa koti. Nilikuwa nasubiri moshi upungue niirudishe.

Moshi haujapungua, mteja mwingine akaingia yadi na kioo cha pembeni kimevunjika, analaumu mti. Bwana Firoz akaniita. Salim akatoka ofisini akisema foleni inaanza. Nikawakusanya wote watano ndani, nikatoa hotuba yangu: tangi, gesi, mlango usifunguliwe. Na nilipofika kwenye king'ora nilinyoosha kidole juu, nikasema, "Hicho ndicho kinachowalinda mkilala." Mungu anisamehe, nilisema hivyo, betri iko mfukoni.

Wakati wanaondoka Bi Zuhura aliniambia kupitia dirishani kwamba ubani bado anao, atafukiza tena kabla ya kulala, mahali penyewe pa malori, huwezi jua. Nikampungia mkono, nikasema sawa, mama.

Nilifika nyumbani Crescent Town saa mbili na nusu usiku, baada ya treni na kusimama dukani. Nikatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa mlango, nikatoa betri. Nilisimama pale koridoni naitazama. Kwetu nyumba ina matundu ya hewa, moshi wa makaa unapita na sumu yake. Gari lile nililiziba mwenyewe wiki ile kwa ajili ya baridi, kila upenyo, na nilijisifu nilivyoliziba. Mjukuu wangu akafungua mlango, akaniona, akaniuliza kwa Kiingereza chake ni nani amekufa. Nikamwambia sijui bado.

Nikampigia Salim. Simu inaita, haipokelewi. Nikarudia mara nne. Ya Rukia imezimwa. Nikampigia Doreen, na nashukuru mpaka leo kwamba ilikuwa zamu yake. Nikamwambia wale watu wangu wa leo, king'ora chao hakina betri, nami naogopa wamewasha makaa ndani. Hakuniuliza swali hata moja. Nilisikia anamwambia mtu ashike duka, nikasikia mlango, nikasikia upepo na injini za malori, na pumzi yake maana goti lile halikumruhusu kukimbia na alikuwa anakimbia.

Akagonga. Kimya. Akagonga kwa ngumi, akasema yeye ni wa kituo, kuna hatari, fungueni. Kimya. Akaniambia taa zimezimwa, pazia zimefungwa, mlango umefungwa kwa ndani, hasikii hata mtoto.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya mara mbili. Nilikuwa nimewaambia wasifungue. Nilikuwa nimewaambia hata akisema ni msimamizi, wanyamaze. Sikuwa na njia ya kujua kama kimya kile ni cha watu wanaonitii au cha watu waliokwisha zimika. Doreen alikuwa anamwita dereva mmoja alete nondo wavunje mlango. Nikamwambia wakati anakuja, Doreen, jaribu neno hili, lipaze: hodi. Akaniuliza nini. Nikamwambia usiulize, sema hodi, ukivuta mwisho, halafu usubiri.

Mtu wa Pwani aliyelelewa akaleleka, wa umri wa Bi Zuhura, hodi haimpiti. Anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa amekukasirikia, ataitikia. Si jambo la kufikiria, ndivyo alivyo.

Doreen akapaza sauti yake ya sigara katikati ya malori ya Ontario. "Hodiii." Hakuna. "Hodiii." Nilikuwa nimekaa sakafuni koridoni, viatu miguuni, mjukuu wangu amenishika bega. Akapiga ya tatu.

Na kwa mbali, ndani ya simu, nikasikia sauti ya mama mzee, imelegea lakini ipo: "Karibu."

Nililia palepale kwa sauti, sikuona aibu.

Bi Zuhura ndiye aliyefungua. Alikuwa amekaa macho na tasbihi yake, kichwa kinampasuka, akidhani ni chipsi za njiani. Alikuwa amesikia kugongwa, akanyamaza kama nilivyowaagiza. Chetezo kilikuwa bafuni, makaa bado mekundu. Doreen akaingia akiwa ameziba pua, akafungua kila dirisha, akakitupa nje. Madereva wawili wakawabeba watoto kwenye mablanketi yao wenyewe. Mdogo alichukua muda kuamka. Doreen aliniambia hivyo baadaye, na hakunieleza ni muda gani, nami sikumuuliza. Salim alitapika kando ya gari. Gari la wagonjwa likaja, wakapewa oksijeni, wakalazwa mpaka asubuhi, wakaambiwa wangechelewa saa moja au mbili tu tungekuwa tunaongea mengine. Harusini walifika wamechelewa.

Jumatatu wakarudisha gari. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu usiku ule, lakini Salim alitangulia. Alisimama mbele ya meza ya Bwana Firoz, akasema anaomba radhi kwa usumbufu wote. Akasema ni mama yake, yeye na chetezo chake, na kwamba amemwambia asiuguse ubani tena nyumbani kwake. Akasema mama amekiri kwamba hata king'ora alikizima yeye mwenyewe.

Nikamtazama Bi Zuhura. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, mikono mapajani, macho chini. Mwanamke yule hafiki hata begani kwangu. Kile king'ora asingekifikia hata akipanda kiti. Hakuniangalia. Na pale nikaelewa alikuwa ameibeba ile aibu siku nne, mbele ya mwanawe na mkwewe na wajukuu zake, kwa ajili ya mtu aliyemjua nusu saa.

Sitajifanya shujaa. Kulikuwa na kitambo, kifupi, ambapo ningeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Kodi ya nyumba niliifikiria. Umri wangu niliufikiria. Kisha nikatoa betri mfukoni, nikaiweka juu ya meza.

"Nilikizima mimi, Salim," nikamwambia. "Mama yako aliniomba, mimi ndiye niliyepanda kiti, na mimi ndiye niliyesahau. Halafu nikakuonyesha kidole."

Salim alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema wanangu walilala humo, dada. Alilisema mara mbili, kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele. Akatoka nje bila kunipa mkono. Sikuonana naye tena.

Bi Zuhura alibaki kidogo. Nikamuuliza kwa nini, mama. Akajifunga mtandio wake vizuri, akasema, "Wewe ungefukuzwa. Mimi mwanangu hawezi kunifukuza." Akaniomba nimsaidie kushuka ngazi.

Nilianza kuvua fulana ya kazi. Bwana Firoz akaichukua betri, akaenda mwenyewe garini, akapanda kiti pamoja na miaka yake yote, akaitia mahali pake, akabonyeza king'ora mpaka kikalia. Aliporudi akaniambia kesho nina wateja wawili, wa kwanza saa tatu, na kwa kila mteja kuanzia kesho hotuba itaanza na hili. Nikamwomba niseme mfanyakazi mmoja aliwahi kusahau. Akakataa. Akasema mfanyakazi mmoja hana uso, na asiye na uso hamfundishi mtu kitu.

Kwa hiyo kwa miaka tisa, kila asubuhi, mbele ya watu nisiowajua, nilisimama chini ya king'ora na kusema mimi hapa, huyu mnayemwona, niliwahi kuchomoa betri, na watoto wawili nusura wafe. Siku za mwanzo nilimchukia Bwana Firoz kwa hilo. Kisha nikaanza kuona watu wanavyoinua macho, wanavyobonyeza wenyewe kuhakikisha, na mama mmoja wa Kisomali aliyefungua mkoba bila kuambiwa, akatoa chetezo chake, akaniachia ofisini mpaka atakaporudi. Baada yake wakaja wengine. Namshukuru mzee yule kuliko ninavyoweza kumwambia. Siku hizi hatoki sana, lakini bado anauliza kama naendelea kuisema.

Sasa itasemwa na ninyi. Nimesikia mmoja wenu wiki iliyopita, akimkabidhi gari bwana na bibi mmoja, anasema kuna mama mmoja zamani alisahau. Najua ni heshima, mnanisitiri kama alivyonisitiri Bi Zuhura. Msinisitiri. Mkifika chini ya king'ora, semeni Mwanaidi Sefu, wa Muheza, na mkiweza, waonyesheni picha yangu ile ya ofisini.